Sendo za shanga Arusha: nimepiga hesabu ya saa zangu, nimejionea huruma mwenyewe

Yeyoo wa Kijenge

Wakuu, habari za jioni. Wenye uzoefu na kazi za mikono naomba mnisogelee. Wasio na uzoefu nao karibuni, maana najua hamtakaa kimya hata nikiwaomba.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Kijenge. Natengeneza sendo za ngozi zenye shanga, na kazi hii nimeanza 2019. Aliyenifundisha ni mama mkwe, Mmaasai wa Monduli, mtu anayetunga shanga bila kuangalia mikono huku anakukaripia wewe na mbuzi kwa pumzi moja. Mwaka ule nchi ilipokea watalii milioni moja na nusu, mimi nikaona nimeshatoboa. 2020 wakashuka hadi laki sita na ushee, nikauza cherehani. Sasa wamerudi, mwaka 2024 wamevuka milioni mbili. Pale Mnara wa Saa magari ya safari yamepangana mpaka kuvuka barabara ni shughuli. Mfukoni kwangu hizo habari bado hazijafika.

Juzi nilikaa na daftari nikahesabu pea moja tu, ya kike, ya mikanda mitatu. Ngozi ya juu na ya ndani 5,000. Soli 3,000. Shanga 2,500, zile nzuri. Uzi, gundi na bizimu 1,500. Jumla 12,000. Duka ninalopeleka mjini linanipa 20,000. Nikasema sawa, elfu nane faida, siyo mbaya.

Halafu nikawasha saa ya simu. Kutunga shanga za mikanda mitatu mara miguu miwili: saa sita na dakika kumi. Kukata, kutoboa, kugundisha, kushona soli: saa mbili na nusu. Yaani kwenye hiyo elfu nane, kila saa ninalipwa chini ya buku. Hapo sijatoa daladala, wala macho, wala mgongo. Dada anayefua nguo hapa mtaani kwetu ananizidi, na jioni anaondoka na hela yake mkononi.

Lililonileta hapa hasa ni hili. Februari nilipeleka pea 24 mali kauli, yaani wananilipa zikishauzwa. Mwezi wa sita nimerudi kudai, zimeuzwa 11. Zile 13 nikaambiwa "chukua tu mama, zimekaa sana". Kufungua mfuko nikatamani kukaa chini. Walikuwa wanaweka mguu wa kushoto dirishani kama sampuli, wa kulia unabaki kwenye boksi stoo. Miezi minne ya jua. Kushoto ngozi imepauka imekuwa rangi ya chai ya maziwa, kulia bado kahawia ileile niliyopeleka. Pea 13, kila mguu na rangi yake. Na dukani bei ilikuwa dola 30, kibandiko nimekiona kwa macho yangu.

Niendelee? Nibadilishe nini? Au nirudi kwenye mitumba?

Kapuku Halisi

Ngoja waje. Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu.

Mangi Mdogo

Dada, nisamehe. Kazi za mikono kwa nchi yetu ni za kupitishia muda. Hiyo mtaji fungua genge. Nyanya haina msimu wa watalii, kila siku watu wanakula.

Chalii wa Sakina

Mangi, nyanya ikikaa siku nne dirishani inakuwaje? Angalau sendo inapauka tu.

Yeyoo, pole sana. Ila nikwambie kitu ambacho hutakipenda. Mimi nimekuwa muuzaji kwenye duka la vinyago miaka minne, na naijua hiyo dola 30 inakokwenda.

Mgeni haji dukani kwa miguu yake. Analetwa na dereva. Dukani kwetu dereva alikuwa anaondoka na asilimia 20 ya kila kitu mgeni wake alichonunua, msimu ukichanganya anataka 30, na usipompa kesho anapaki duka la jirani. Hajakuibia, ndiyo utaratibu, na yeye ana watoto. Halafu mgeni hanunui kwa bei ya kibandiko. Ameshaambiwa tangu kwao kwamba Afrika lazima upatane, kwa hiyo dola 30 inaishia 20, na hapo amefurahi kama kashinda bahati nasibu. Toa dereva, toa kodi ya fremu, toa makato ya mashine ya kadi, toa mshahara wangu (mdogo). Halafu weka Machi, Aprili na Mei, masika, barabara za porini matope, mjini hakuna mtu, fremu inataka kodi vilevile. Bosi wangu naye alikuwa anakopa.

Simtetei huyo aliyeweka mguu mmoja juani, huo ni uzembe. Ninachosema ni kwamba ukidhani kuna mtu mmoja amekaa mahali anakula elfu hamsini yako, utamtafuta mpaka uzeeke. Imegawanywa vipande vidogo vidogo njiani.

Na jambo lingine. Dukani kwetu nusu ya bangili za shanga zilikuwa zinashuka kwa gunia kutoka Nairobi kupitia Namanga. Bosi akishazoea bei ya gunia, wewe unayehesabu saa unaonekana msumbufu.

Yeyoo wa Kijenge

Chalii, umenichoma ila nimekuelewa. Hiyo ya dereva nilikuwa naijua kwa juu juu. Sikujua mgeni anapatana mpaka 20.

Mangi, genge nimeshawahi kufungua. Walikopa wote mpaka mjumbe.

Binti Majengo

Dada hongera kwa kununua shanga nzuri, usije ukajaribu kubana hapo. Mimi nilibana. Nilipata oda ya bangili na mikufu 40 ya kikundi cha kwaya, sare, nyekundu na nyeupe. Nikaona shanga za kutoka Czech bei juu, nikachukua zile za kupima kwa kijiko. Kwa macho zilikuwa zinafanana kabisa. Siku ya tamasha jua kali, wameimba, wamecheza, wametoka jasho. Nyekundu ikashuka yote kwenye kola za blauzi nyeupe. Mwalimu wa kwaya alinipigia simu akiwa bado ukumbini, nyuma nasikia wanaimba.

Siku hizi kabla sijanunua nyingi naomba chache, nazilaza usiku kucha kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga, juu ya kitambaa cheupe. Asubuhi kitambaa kikiwa na doa, muuzaji namrudishia na doa lake. Halafu angalia ukubwa pia. Za bei chee zinatofautiana, moja nene moja nyembamba, mstari unakwenda kama nyoka, na unapoteza muda kuchagua. Huo muda nao uweke kwenye daftari lako.

Mdau wa Njiro

Uza nje moja kwa moja kwa mtandao, achana na maduka. Wazungu wanalipa.

Yeyoo wa Kijenge

Mdau, nilifanya hivyo 2022. Mama mmoja yuko Ujerumani, alikuja kupanda mlima, akapenda sendo zangu, akaniandikia anataka pea mbili, yake na ya binti yake. Namba 39 na 37. Nimeshona kwa mapenzi yote. Kwenda kutuma, gharama ya kifurushi imezidi bei ya sendo zenyewe. Akalipa, mstaarabu sana. Zimefika baada ya wiki tano, 39 inambana vidole. Kumbe mimi kalibu yangu ya 39, lile umbo la mguu la kushonea, niliirithi kwa fundi wa zamani, na 39 yake ni 38 ya watu wengine. Kurudisha haiwezekani, nauli ingemaliza kila kitu. Nikamshonea nyingine bure, nauli nikatoa mimi. Ndiyo ikawa biashara yangu ya kimataifa, ilianza Machi ikafa Juni.

Fundi wa Pasua

Nimesoma uzi wote nikiwa na msharasi mkononi. Mimi niko Moshi, Pasua, nashona ngozi mwaka wa 17 huu. Dada Yeyoo, naomba niseme mambo yangu kwa urefu, na anayeona ni mrefu aruke.

Kwanza hayo mambo ya namba uache leo. Mteja asikutajie namba. Akanyage karatasi, mtu mwingine amchore mguu kwa kalamu iliyosimama wima, miguu yote miwili, maana hakuna binadamu mwenye miguu sawa. Na achorwe jioni. Asubuhi mguu umelala, jioni umevimba, na sendo inavaliwa jioni. Mimi nina faili la miguu ya watu wa mji huu, wengine wamekufa, karatasi zao ninazo.

Pili. Mimi nilipoanza nilikuwa kama wewe, macho yote kwa mgeni. Nikawa nakwenda Marangu getini, nikawa nangoja Kilimanjaro Marathon kama mkulima anavyongoja mvua. Mwaka mmoja nilipeleka pale mzigo wa pea 50. Mtu amekimbia kilomita 42, miguu ina malengelenge, wewe unamwonyesha kiatu! Niliuza pea 3. Aliyekuwa jirani yangu anauza maji alifunga saa tano akaenda kulala.

Nikajiuliza, hapa Moshi nani ana hela, na anayo lini? Jibu hata mtoto analijua. Desemba. Wachaga wote wa Dar, Mwanza, Mbeya, wanapanda kuja kula sikukuu kwao. Wiki mbili hizo mji unabadilika, Kiboriloni huwezi kugeuza pikipiki. Na mtu aliyetoka Dar hataki kuonekana kijijini na kandambili. Anataka kiatu cha ngozi, kizuri, ambacho shemeji atauliza "umekipata wapi hicho". Hapatani kama mgeni, hana dereva wa kukata kamisheni, na mguu wake nimeshauchora mwaka jana. Ukiacha Desemba kuna sendofu, kuna kipaimara, kuna harusi za Agosti na Septemba. Mimi mgeni akija namuuzia, ila simngoji.

Tatu, na hapa usinikasirikie. Hizo saa sita za shanga. Hakuna Mtanzania atakayekulipa saa sita za shanga kwenye kiatu cha kukanyagia vumbi la Arusha. Atazisifia tu. Mkanda mmoja wenye shanga, miwili ngozi tupu iliyochomwa ukingo vizuri, anakupa hela. Macho yanakwenda palepale kwenye mkanda mmoja. Mikanda ya shanga itunge wakati wa masika ukiwa umekaa bure, ihifadhi kwa rangi. Oda ikija unakata na kushona tu, kesho yake umemkabidhi.

Ngozi mimi nachukua Himo, nachagua mwenyewe, naikunja na kuangalia kama inapasuka rangi. Usinunue ngozi bila kuikunja.

Mwisho, tengeneza viatu vya watu vilivyokatika. Nakuona umekunja uso. Sendo ya mtu ikikatika mkanda, mshonee kwa 3,000. Atakaa kwenye stuli yako nusu saa akiangalia ulichotundika ukutani.

Mstaafu wa Usa River

Vijana, mmeongea vizuri. Binti Yeyoo, umefikiria mkopo wa halmashauri? Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Hauna riba. Ulisitishwa 2023, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Mnajiunga kikundi, mnasajiliwa, mnapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Na ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, zipo mkoani, wanafundisha mambo ya vifungashio na gharama.

Yeyoo wa Kijenge

Shikamoo mzee. Asante sana. Mkopo nautamani na unanitisha. Tuliwahi kuwa kikundi, watano, wawili wakaolewa nje ya mkoa, mmoja akawa hasemi na mwingine. Na kwa hesabu zangu za sasa nikipewa milioni mbili nitazigeuza sendo mia moja na ushee za kwenda kupauka dirishani. Acha kwanza nijue nani ananunua.

Fundi, sijakunja uso. Nimekunja kidogo tu.

Mstaafu wa Usa River

Marahaba. Hapo umesema neno. Mimi mwenyewe nilikopa nikanunua kuku.

Kapuku Halisi

Mzee, kuku walikuwaje?

Mstaafu wa Usa River

Walikufa.

Chalii wa Sakina

Yeyoo, zile pea 13 za rangi mbili ulizifanyaje?

Yeyoo wa Kijenge

Zipo chini ya kitanda. Mama mkwe alisema nipake kiwi ya viatu kama wanavyopaka mbao za vinyago zionekane mpingo. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi ya Binti Majengo na kwaya.

Binti Majengo

😂 Niachieni kwaya yangu.

Fundi wa Pasua

Usipake kiwi. Ondoa mikanda, shanga ni nzima. Ngozi iliyopauka loweka kwenye mafuta, acha zote, kushoto na kulia, zikae juani pamoja juu ya bati siku kadhaa. Kama ya kulia haitaki kukimbilia ya kushoto, kata ngozi mpya ya juu, soli unayo tayari. Utapoteza kama 5,000 kila pea, siyo 20,000.

Yeyoo wa Kijenge

*(Mrejesho, baada ya miezi saba)*

Wakuu, salamu za mwaka mpya uliochelewa. Niliahidi kimoyomoyo kwamba nitarudi, nimerudi.

Pea 13: tisa ziliokoka juu ya bati, majirani walidhani nakaanga viatu. Nne nilikata ngozi upya.

Nimefuata ya mkanda mmoja. Siku ya kwanza namwonyesha mama mkwe, akaigeuza, akaiangalia chini, akaiangalia juu, akauliza: "Huyu mtu aliishiwa shanga?" Hakuipenda na mpaka leo haipendi. Ananitungia mikanda kwa masharti kwamba ile ya mitatu nisiache kabisa. Nimekubali, naitengeneza kwa oda tu, na bei yake sasa ni 60,000, hakuna mjadala. Nimeuza mbili tu tangu Julai, zote kwa mabibi harusi.

Ya mkanda mmoja vifaa vinanigharimu kama 10,500, saa tatu na nusu pamoja na shanga, nauza 35,000. Wanaume ndio wanaonunua zaidi, sikutegemea. Wanataka nyeusi, shanga nyeupe na bluu, au rangi za timu yao, na hapo sisemi nani analipa haraka kati ya Simba na Yanga kwa sababu nawahitaji wote.

Ukarabati nilianza kwa aibu, nimeweka stuli barazani. Wiki ya kwanza mtu mmoja. Siku hizi siku haipiti. Fundi, ni kweli wanaangalia ukutani.

Desemba nilimpa wifi yangu aliyeko Moshi pea 15 aende nazo, nikamlipa 5,000 kwa kila pea aliyouza. Akaniita tarehe 20 anasema zimekwisha, nipande na nyingine. Kwa jumla mwezi ule zilitoka 38. Nimelipa ada ya mkubwa kwa mkupuo mmoja, mara ya kwanza.

Duka la mjini nililiambia mali kauli basi. Wakacheka. Oktoba wakanitafuta, wakachukua pea sita, taslimu, 26,000 kila moja. Nimewaomba waweke miguu yote miwili dirishani.

Sasa nisiwadanganye. Januari nimeuza pea nne. Nne! Watu wako kwenye ada na madaftari. Februari kidogo, na masika hayo yanakuja. Nimerudi kuuza maandazi asubuhi kama zamani, mchana nashona. Mtaji wa ngozi ninao wa miezi miwili. Umeme wa mashine nimeuhesabu, mgongo bado sijajua nauhesabuje.

Mangi Mdogo

Maandazi. Si nilisema?

Yeyoo wa Kijenge

Ulisema nyanya, Mangi.

Fundi wa Pasua

Pea nne za Januari siyo mbaya. Mimi nimeuza sita na nina miaka 17. Sasa ndiyo wakati wa kutunga mikanda. Na utafute wa harusi za Agosti kuanzia mwezi wa tano, wakishaanza vikao, siyo Julai. Julai kamati imeshamaliza hela.

Chalii wa Sakina

Mimi nimeacha duka, naendesha wageni sasa. Yeyoo, nikikuletea mtu barazani kwako?

Yeyoo wa Kijenge

Mlete. Bei ni 35,000 kwake na kwa jirani yangu. Kamisheni yako ni chai na maandazi.

Chalii wa Sakina

Ya asubuhi au yaliyolala?

Kapuku Halisi

Karanga zimeisha. Namba 44 unashona?

Yeyoo wa Kijenge

Nashona. Ila usinitumie namba. Kanyaga karatasi, mtu akuchore, miguu yote miwili, jioni ukitoka kazini. Na nusu ya hela kabla sijashika kisu.

Kapuku Halisi

Nusu kabla?

Yeyoo wa Kijenge

Kabla.